Maswali Mbele ya Mama

Kliniki ninayofanyia kazi Minneapolis ilitaka maswali yake mafupi ya kupima sonona kwa vijana yawe na Kiswahili chake. Tukaitwa Waswahili wachache tuyatafsiri. Mwalimu mmoja mstaafu, Mtanzania, alikuwa akinirekebisha kila nikifungua mdomo, na mimi, mzaliwa wa Mombasa, sikuja Marekani kufundishwa Kiswahili na mtu wa bara. Tulibishana weee, mwishowe tukakubaliana. Ikabaki kuyajaribu kwa vijana wenyewe, majumbani kwao, tuone kama yanaeleweka.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa letu hasa. Kwetu mgeni haachwi peke yake. Kila nyumba niliyoingia, iwe kitongoji cha Burnsville au cha Apple Valley, mama alileta chai na mahamri, akakaa ubavuni mwangu, ndipo akamwita mtoto. Nauliza kama siku hizi anajiona hana maana. Mama anamtazama mtoto, mtoto anatazama zulia. "No, auntie." Nauliza usingizi, nauliza kulia, jibu ni lile lile. Ningemwambiaje mama wa watu atoke sebuleni mwake? Nilikula mahamri, nikashukuru, nikaenda zangu. Kule kliniki wenzangu walifurahi kwamba watoto wetu ni wazima.

Mimi nyumba moja ilinikaa rohoni. Ilikuwa ya rafiki yangu wa tangu Mombasa, anayelea binti yake peke yake na kufanya zamu mbili kwenye nyumba ya kutunza wazee. Binti yuko sekondari. Niliyemjua mimi alikuwa na maneno mengi na ubishi wa kuchosha. Huyu aliyenijibu alikuwa amevaa jaketi ndani ya nyumba, na chai yake ilipoa bila kuguswa. Niliogopa.

Nikarudi siku nyingine kumwomba mama yake nimchukue binti dukani, niongee naye garini. Watoto wa huku huongea garini, maana macho ya mtu mzima yako barabarani.

"Mchukue tu," mama alisema. "Lakini huyo hana neno, mwenzangu. Ni simu inamharibu."

Tulipokuwa tukitoka nilimwambia binti kwamba akinieleza jambo la kuhatarisha uhai wake, sitaliweka siri. Tukashika barabara kuu ya I-35W, tukavuka mto. Halafu, kabla sijauliza swali hata moja, akaanza kusema kwa Kiingereza, polepole, kwamba haoni sababu ya kuamka asubuhi, na kwamba amekuwa akifikiria kufa. Nikatoka barabara kuu, nikasimama kwenye maegesho ya duka, nikalia mbele yake. Mafunzo yetu yanakataza hilo. Sikuweza kujizuia.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Mama amechoka, auntie. Akitoka job analala na viatu. Nikimwambia, ata-think ni makosa yake."

Nilimpigia daktari wa zamu pale pale. Akasema tumlete sasa hivi, pamoja na mzazi wake. Tukageuza gari.

Mama yake alikuwa jikoni akikata vitunguu. Nilimweleza yote waziwazi, binti akiwa amesimama kando yangu. Kwanza alinikasirikia.

"Ulikunywa chai yangu, kumbe unanichunguzia mwanangu? Si alikujibu hapa hapa kwamba hana neno?"

"Alijibu mbele yako," nikamwambia. Yalikuwa maneno makali, lakini nilikuwa nimechoshwa na adabu zetu.

Akaweka kisu chini, akakaa. Alimtazama binti yake. Nilingoja amkemee, au amwambie azidishe sala, kama wengi wetu tunavyofanya tukishikwa na hofu. Hakufanya hivyo. Alimvuta mkono, akauweka shavuni mwake mwenyewe.

"Hata mimi," alisema. "Tangu baridi ya mwaka jana. Nikishaegesha gari hapo nje nalia kwanza, ndipo naingia. Nilidhani ni mimi peke yangu humu ndani."

"Najua, mama," binti akasema. "Huwa nakuona kwa dirisha."