Sifuri Tatu za Deogratias

Kwenye televisheni ya inchi kumi na nne, mdomo wa mwanamke umejaa kioo kizima. Unafunguka taratibu, unatamka "friji", unasubiri. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, Deogratias Ng'wandu anautazama huku jasho likimtoka. Hasemi kitu. Mdomo unamwambia "vizuri sana", kisha inakuja picha ya meli.

"Vizuri sana kwa lipi?" anauliza Melania Nkwabi, akiisimamisha deki ya video. "Kanda haimsikii. Hata akisinzia itamsifu."

Ni saa tatu asubuhi, Oktoba 1996, ndani ya stoo ya duka la vitambaa la Anar hapa Mhunze, Kishapu. Televisheni ni ya Anar, deki ni ya Anar, na jenereta inayonguruma nje ni ya Anar. Mama huyu, ambaye mji mzima unamwita Mama Riyaz, hutoa chumba bure kila Jumanne na Ijumaa. Sharti lake ni moja tu, watu wasikalie majora ya vitenge.

Melania ana miaka arobaini na mitatu na alikuwa mhudumu wa zahanati. Tangu mwaka jana anafanyia kazi mradi mmoja wenye ofisi Dar es Salaam, unaowafundisha kusema upya watu waliopoteza usemi. Mtaalamu hurekodi somo huko Dar, kanda hupanda basi, Melania humwonyesha mgonjwa na kumpiga picha za video akijaribu, kisha kanda hurudi kusahihishwa. Jibu huchukua wiki tatu, barabara ikiwa na huruma. Ana wagonjwa kumi na mmoja, baiskeli moja, na posho ya shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi.

"Posho siilalamikii, andika hivyo," anasema. "Ninacholalamikia ni hiki kiti."

Mwongozo wa mradi unasema mgonjwa arekodiwe akiwa amekaa kitini, nyuma yake ukuta mweupe, aonyeshwe kadi ishirini na azitaje kwa Kiswahili. Kadi nimeziona mwenyewe. Ipo ya friji, ipo ya meli, lipo hata tunda jekundu ambalo mimi, niliyesoma, nililifikiria kidogo kabla ya kulitambua. Asiyetaja kadi hata moja anapata sifuri. Deo ana sifuri tatu.

Kijana huyu wa miaka ishirini na tisa alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Januari mwaka huu, jiwe lilimwangukia kichwani akiwa ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Wenzake walimrudisha kwa mama yake juu ya lori la pamba. Miguu ilipata nguvu, mkono nao ukapata nguvu. Maneno hayakurudi. Ulipomwambia njoo alikuja, ulipomwambia pole aliinamisha kichwa, lakini yeye mwenyewe alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu.

Hapo ndipo Melania anaponipa habari ambayo hajawahi kuisimulia bila sauti kumpanda. Mwongozo uliagiza pia kwamba jamaa wa mgonjwa waseme naye Kiswahili tu, ili asichanganyikiwe. Yeye akautii. Alikwenda nyumbani kwa Deo, akamketisha mama yake, Bi. Mageni, na kumkataza kumsemesha mwanawe Kisukuma.

Sasa Bi. Mageni Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kushukuru. Mama wa watu akatii kama alivyoambiwa. Akanyamaza. Kwa miezi mitano alimwekea mwanawe chakula bila neno, akakaa naye jioni bila neno, akiogopa kumharibia dawa.

"Nilimziba mdomo mama wa mgonjwa asiyesema," anasema Melania, akiupiga ule mwongozo mezani. "Mimi, Msukuma, niliyezaliwa hapahapa Kishapu! Nilikosa akili wapi?"

Aligundua mwezi Agosti. Siku hiyo alifika mapema, akasikia mtu nyuma ya nyumba akiita ng'ombe. Alizunguka zizi, akamkuta Deo peke yake anawapeleka kunywa maji, akiwataja madume wawili kwa majina yao, Magembe, Mabula, kisha akiwaambia "minzi", yaani maji. Sauti ilikuwa nzito na yenye kukwama, lakini ni maneno. Hakuna aliyemkataza kusema Kisukuma na ng'ombe.

Melania aliiegemeza baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa Bi. Mageni kumwomba radhi. Alimwambia amsemeshe mwanawe apendavyo, tangu asubuhi hadi alale. Siku ya nne Deo alimwita mama yake "mayu". Bi. Mageni, aliyemleta mwanawe hapa stoo leo, ananieleza hayo kwa Kisukuma, Melania akinitafsiria.

Basi Melania akabeba kamera hadi zizini. Alirekodi maneno tisa, akaipeleka kanda stendi yeye mwenyewe. Jibu lilifika wiki iliyopita. Ananipa nilisome, nami nanukuu: "Rekodi haikufuata utaratibu. Maneno ya kilugha hayahesabiki. Mgonjwa hana maendeleo. Nafasi yake apewe mwingine ifikapo mwisho wa Novemba."

Hana maendeleo! Mtu amesema, karatasi inasema hakusema, na inayoaminiwa ni karatasi. Deo akitolewa, hatapata tena kanda wala mtu wa kumsahihisha. Na ndiyo kwanza ulimi umeanza kuamka. Melania anasema mazoezi ya midomo yaliyomo kwenye kanda ni mazuri, yanamsaidia, na hayo asingeyajua bila yule mtaalamu. Ndiyo maana hataki kumtukana. Anataka kuonana naye.

Alhamisi anapanda basi la Dar es Salaam. Ataibeba kanda mpya ya Deo mapajani, akiwa na kadi ishirini alizochora kwa mkono kwenye makaratasi ya kufungia vitambaa aliyopewa na Mama Riyaz. Namwangalia akinipangia mezani: jembe la plau, kibuyu, zizi, pamba iliyopasuka, jiwe la kusagia.

"Nitamwomba mtaalamu akae kitini, nyuma yake ukuta mweupe," anasema. "Nitamwonyesha moja moja, anitajie kwa Kisukuma. Akishindwa, nitamwandikia sifuri na kumuuliza kama na yeye hajui kusema. Halafu ndipo nitamwomba amwongezee Deo miezi sita."