Bushi za Mashine ya Pokuaa

Dwomoh alikuwa fundi wa kuota mchana. Akilala chali chini ya lori pale Suame, mtaa wa magereji mjini Kumasi, Ghana, mikono ikifanya kazi, roho yake ilikuwa imeshaingia ndani ya injini, mle ambamo shafti huzunguka kwenye bushi, pete ya chuma inayoishikilia, na oili nyembamba kuliko unywele ikaubeba uzito wote huo. Chuma hakigusi chuma, alipenda kusema, kinaelea. Na yeye alielea nacho, hata ukimwita mara tatu hasikii.

Aibu yake ilikuwa nyumbani. Mashine ya mkewe Pokuaa, ya kuwasagia wateja mahindi ya kenkey, yale madonge ya unga uliochachushwa, ilitafuna bushi kama karanga. Dwomoh alibadilisha bushi, akabadilisha oili, akarudi zake gereji. Wapi!

"Fundi wa mji mzima, mashine ya mkeo inapiga mayowe," Pokuaa alimwambia. "Ikilia tena, Baba Afriyie, namwita Ntim."

Ntim, yule wa gereji ya jirani! Heri angemtukana. Asubuhi hiyo Dwomoh hakwenda kazini. Aliketi kando ya mashine, akatazama.

Pokuaa alisaga beseni la mteja wa kwanza, akazima injini, akaingiza mkono kati ya mawe ya kusagia, akakomba unga mbichi uliobaki mpaka chembe ya mwisho, akampa mwenyewe. Akawasha tena. Beseni la pili, vilevile. Ndiyo sifa yake: kwake hakuna aliyeondoka na unga wa mwenziwe.

Dwomoh akafumba macho, akazama mle ndani. Shafti ikizunguka, huivuta oili chini yake na kupanda juu yake. Ikisimama, hulala, oili ikakamuliwa pembeni, vyuma vikakutana. Ikiwashwa, kabla oili haijarudi, vilima vidogo vya chuma visivyoonekana kwa jicho hukwaruzana na kuvunjana. Kumbe uaminifu wa mkewe ndio uliokuwa ukila bushi. Maskini Pokuaa wa watu!

"Usiizime," alisema. "Legeza mawe, iache izunguke tupu. Itautema unga yenyewe."

"Na wateja wakininung'unikia?"

"Si wana macho? Wachungulie."

Wakachungulia. Ikautema wote. Mashine ikanguruma mpaka adhuhuri bila kulia, na Dwomoh akacheka peke yake kwa furaha.

Pokuaa hakucheka. "Miaka yote hii unakuja, unafungua, unafunga, huyoo umeondoka," alisema, akijifuta mikono. "Leo ndiyo mara ya kwanza umekaa nami."



Kesho yake mashine ilikuwa nzima, haina ugonjwa wowote. Dwomoh alikuja akaketi, na Pokuaa akamsogezea bakuli la uji bila kumwuliza amefuata nini.