Daktari wa Halua

Wiki hii, hapa Jadida, tumemzika jirani yangu mhadhiri, yule bibi tuliyemwita Daktari wa Halua kabla chuo hakijamkubalia udaktari wenyewe. Mungu amrehemu. Jina lilikuwa la utani, naye akiliitikia. Tungeachaje kutania? Mtu mzima na digrii zake, kutwa yu uani anakoroga wanga na sukari, ati yumo utafitini. Hata walimu wake walimwonya kwamba kupika si kutafiti, na kama hoja haitatoka humo sufuriani, shahada ataisikia kwa wenziwe.

Shida yake ya kwanza ilikuwa sisi majirani. Alitualika tuonje na tuseme kweli, lakini Mpemba gani atakula kwa watu kisha akitie kasoro chakula? Kila sahani tukaisifu. Siku moja akaiunguza halua makusudi, akatuletea. Tukatafuna, macho yanatutoka. "Njema, maashallah," akasema mzee mmoja, "yanukia kuni." Bibi wa watu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hakutuuliza tena. Aliweka sahani mbili, akaangalia mkono unarudi wapi. "Adabu ndiyo iwaonjeshayo," aliniambia, "uroho ndio uwarudishao." Niliona kanivunjia heshima, lakini nilirudia kipande.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Marehemu bibi yake, mpishi wa halua aliyesifika, alishikilia kwamba iliki hutiwa mapema, na utafiti wote ulianza ili kumpa bibi huyo haki yake. Akapika sufuria mbili, moto ule ule, samli ile ile, tofauti ni wakati wa kutia iliki tu. Mikono yetu ikarudi kwa ile iliyotiwa mwishoni. Akarudia, akidhani kakosea, ikawa vile vile. Harufu, alieleza, ilikuwa ikienda na mvuke. Mama yake akahamaki: "Wee waenda kumsuta bibiyo mbele ya wageni, kwa ajili ya cheti?" Daktari wetu alilia, nilimwona. Kisha akaandika kile alichokiona, na shahada akaipata.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tunaotafiti kwa kazi za mikono yetu, maana nami sasa nimo, ndio wavutaji wakubwa, kwa kuwa tunachokipima tunakipenda. Daktari yule alimpenda mno bibi yake, na bado akamkosoa. Basi ukitaka kujua kama unatafiti au unajisifu, jiulize: katika wote uwapendao, kazi yako imewahi kumkosoa nani?