Daraja Lisilo na Kizuizi

Maman Émérance alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshajizoesha metro na tram na hawataki tena kusikia habari ya usukani. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Woluwe-Saint-Lambert, na zamu ya asubuhi ilianza mapema mno kwa mtu anayekaa Koekelberg, upande wa pili wa Brussels. Alishindwa mtihani mara mbili. Mara ya tatu mwalimu wake akamwambia, "Madame, unaendesha kama mtu anayesubiri kusimamishwa." Akafaulu hata hivyo, akanunua gari dogo la kijivu lililokwisha kutumiwa.

Sisi tuliokuwa naye kwenye kwaya tulimjua kama mtu asiyesema mengi kuhusu alikotoka. Tulijua ni wa Bukavu, kwamba alifika Brussels mwaka 2001 na binti yake mdogo, Graciella, na kwamba baba yake mdogo, Papa Anaclet, alimfuata miaka michache baadaye. Mume wake aliitwa Jérôme. Ukimuuliza yuko wapi, alijibu, "Alibakia njiani," kisha akakuuliza kama umeshakula.

Agosti ya 2015 mdogo wake, Abigaël, aliolewa upande wa mashariki wa London. Émérance hakuwa amewahi kuendesha gari nje ya Ubelgiji, lakini Papa Anaclet alikuwa na miaka sabini na minane na magoti mabaya, na gari lingempunguzia taabu. Graciella alibaki nyumbani kwa sababu ya mitihani ya marudio. Basi wakaondoka wawili, mzee amevaa koti la suti tangu Koekelberg, na mapajani ameshika mfuko wa plastiki.

Walipokuwa foleni ya meli kule Calais, Émérance akauliza, "Papa, mu ile mfuko muko nini?"

Mzee akaufungua. Ndani mlikuwa na vitambulisho vyao, pakiti nne za sigara na biskuti.

"Lakini Papa, weye hauvutake."

"Hii haiko yangu. Ni ya barrière."

Émérance hakucheka. Mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, yeye na mzee huyu walikuwa wametembea kwa miguu kuelekea Walikale. Kila mahali barabara ilipoingia msituni palikuwa na kamba au gogo, na vijana wenye bunduki wameketi kando yake. Hapo ulitoa ulichonacho ndipo upite. Kizuizi cha kwanza kilichukua redio na saa. Kingine kikachukua viatu vya Émérance, kingine blanketi. Papa Anaclet alikuwa ameishi Ubelgiji miaka mingi sasa, lakini safari ndefu kwake bado ilikuwa ni kupita mikononi mwa watu.

Mbele ya foleni askari wa Kiingereza aliangalia vitambulisho, akavirudisha, akasema jambo kwa upole. Mzee alikuwa ameshatoa pakiti moja ya sigara. Émérance akamshika mkono kabla hajaufikisha dirishani.

Wakati wa kwenda, barabara iliwapitisha chini ya ardhi, ndani ya handaki refu lenye taa. Émérance alikuwa anahangaika na kuendesha upande wa kushoto, malori yamemzunguka, na wala hakujua kwamba juu ya kichwa chake kulikuwa na mto. Arusi ilikuwa nzuri. Abigaël alilia, akacheka, akawalisha mpaka wakashindwa kuinuka.

Kurudi ndiko walikoona daraja.

Barabara ilianza kupanda taratibu, kama mlima usio na mawe. Nguzo kubwa zikajitokeza mbele, na kutoka kwenye nguzo zikashuka kamba za chuma, nyingi, zimenyooka kama nyuzi za kinanda. Halafu ardhi ikaisha. Chini kabisa palikuwa na mto mpana wa rangi ya udongo, na meli ya mizigo ilikuwa inapita chini yao, ndogo kiasi cha kuweza kufichwa na kiganja. Émérance akaukamata usukani kwa mikono yote miwili. Akasema "Ee Mungu," bila kujua kama ni hofu au ni sala.

Papa Anaclet alikuwa ameshusha kioo. Upepo ulikuwa unampiga usoni, na mfuko wake ulikuwa umeshikwa tayari.

"Barrière eko wapi?" akauliza.

"Sijaiona, Papa."

"Kitu kikubwa vile, hakiwezi kukosa barrière. Pole pole, mutoto yangu. Batakasirika."

Lakini hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kibanda wala kamba wala mkono ulioinuliwa. Magari yalikuwa yanakwenda tu, mamia kwa mamia, kila mtu na njia yake, na daraja lile likayabeba yote bila kumuuliza mtu jina. Likaanza kushuka. Wakafika upande wa pili, mashamba yakaonekana tena, na mzee bado ameketi amegeuza shingo, anatazama nyuma.

"Banatuacha tu?" akasema. "Banatuacha tupite hivi hivi?"

"Ndiyo, Papa. Tumeshapita."

Mabango yaliyokuwa kando ya barabara, yenye maandishi ya Kiingereza na mfano wa kamera, Émérance aliyaona bila kuyaelewa.

Wiki kadhaa baadaye bahasha mbili zilifika Koekelberg. Zilikuwa zimeandikwa Kifaransa cha ofisini. Gari lenye namba fulani lilivuka mto mara mbili, kwenda na kurudi. Kila kuvuka kuna ada, nayo ilipaswa kulipwa kwa simu au mtandao kabla siku ya pili haijaisha. Haikulipwa. Kwa hiyo sasa kuna faini, na isipolipwa itaongezeka. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya gari: taa, namba, na kivuli cha vichwa viwili nyuma ya kioo.

Émérance alikaa chini. Faini zile mbili zingemlia sehemu kubwa ya pesa ya chakula ya mwezi. Jumapili akamwonyesha Constant, mtu wa Lubumbashi anayeimba besi, ambaye alikuwa anakwenda London mara kwa mara kununua nguo za kuuza.

Constant akatabasamu. "Maman, achia ile. Miye niko na zangu kama sita, nilizitupa zote. Donc bale Waingereza bataogelea bahari mpaka Koekelberg sababu ya gari yako? Bon. Weka mu poubelle."

Hakuzitupa. Alizilaza juu ya friji, akaenda kazini, akarudi, akazikuta. Siku zikapita hivyo. Akiwa anamwogesha bibi mmoja mgonjwa kazini, au amesimama kwenye taa nyekundu, alikuwa anarudi kwenye jambo lile lile. Si faini iliyokuwa inamsumbua. Ni ule ukweli kwamba walimwona. Wakati yeye na mzee walipodhani hakuna mtu, kulikuwa na jicho linalosoma namba ya gari, na lile jicho lilikuwa limewatazama kisha likawaacha waende. Hawakuchukua viatu. Hawakumtoa mtu ndani ya gari. Walisema tu: nenda, utalipa kesho.

Alikuwa hajawahi kusikia barabara inayomwamini mtu.

Jumamosi moja mchana akafungua kompyuta ya Graciella. Akaandika jina la daraja, na tovuti ya kwanza iliyotokea ilikuwa na rangi za bendera na picha ya kamba zile za chuma. Ilimwomba namba ya gari, halafu namba ya kadi ya benki. Akaanza kujaza. Alipofika mwisho akaona kiasi: ada ya kuvuka, na chini yake ada ya huduma iliyoipita ile ya kwanza mara kadhaa. Akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akachukua barua, akalinganisha anwani iliyochapwa pale na ile ya kwenye kioo cha kompyuta, herufi kwa herufi. Hazikufanana. Wale walikuwa watu wengine tu, waliojiweka mbele ya daraja la wenyewe ili wapate chao.

"Hawa sasa ndio barrière," akasema kwa sauti, peke yake, akafunga ukurasa.

Halafu akageuza barua. Nyuma, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi ambayo aliisoma mara tatu. Kwa kuwa hili ni kosa la kwanza la gari hili, ukilipa ada ya kuvuka peke yake ndani ya siku kumi na nne, faini itafutwa. Akaangalia tarehe. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Hakuamini. Akapiga simu namba iliyokuwa kwenye barua yenyewe.

Mwanaume aliyepokea alikuwa na Kifaransa kizuri na sauti ya mtu aliyezoea kutukanwa. Akathibitisha: ada mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na faini zote zinaondoka. Safari ijayo, akasema, madame anaweza kulipa hata kabla ya kuondoka nyumbani.

"Monsieur," Émérance akauliza, "kwa nini hamkutusimamisha pale pale?"

"Zamani walikuwa wanasimamisha, madame. Foleni ilikuwa ndefu sana."

"Na mlijuaje kwamba nitalipa?"

"Hatukujua," akasema.

Alipoweka simu chini, Graciella na Papa Anaclet walikuwa wanaingia na mikate kutoka sokoni. Akawaeleza yote. Mzee aliomba aone picha. Akaisogeza karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya vile vivuli viwili.

"Ni siye hawa?"

"Ni siye."

"Balituona na banatuacha."

Akavuta kiti karibu na kompyuta. Alitaka yeye ndiye abonyeze. Émérance akajaza namba zote kwenye tovuti ya kweli, akazihakiki, kisha akamwonyesha mahali. Mzee akabonyeza kwa nguvu, kama anapiga muhuri. Kioo kikageuka, yakatokea maneno: malipo yamepokelewa, asante. Papa Anaclet akaendelea kuyatazama.

"Kule Walikale," akasema, "Jérôme alikuwa na saa tu. Ile saa balishaibeba ku barrière ya kwanza."

Graciella, aliyekuwa anaweka mikate kabatini, akasimama. Alizaliwa miezi mitano baada ya safari ile. Neno Walikale hajawahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba.

Mzee akaendelea, taratibu, bila kumtazama mtu. Kwenye kizuizi cha mwisho hawakuwa na kitu tena. Wale vijana walisema mwanamke mjamzito na mzee wapite, lakini mume atabaki mpaka apatikane mtu wa kumlipia. Jérôme aliwaambia watangulie, yeye atawakuta mbele. Aliketi kwenye gogo, amekunja mikono kama mtu anayesubiri basi. Mbele, mzee alimwacha Émérance apumzike, akaenda kuuza shati lake, akarudi kizuizini na pesa. Njia ilikuwa tupu. Gogo lilikuwepo, watu hawakuwepo, wala Jérôme.

"Nilirudia na pesa," Papa Anaclet akasema. "Nilikuwa nayo mu mukono. Hakukuwa muntu wa kupokea."

Akagusa kioo cha kompyuta. "Kama bale bangenitumia barua, hata leo, hata miaka yote hii imepita, ningelipa. Bangesema tu bei."

Émérance alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejua kwamba mzee alirudi, lakini hakujua kuhusu shati, wala kwamba alifika na pesa mkononi. Alidhani mzee alichelewa. Kwa siri, hata kwake mwenyewe, alikuwa amemlaumu. Akaweka mikono yake juu ya mabega ya yule mzee, akasikia jinsi yalivyokuwa membamba ndani ya sweta, akastaajabu kwamba mabega haya yamebeba kitu kile chote bila kuinama mbele yake hata mara moja.

Graciella akauliza, "Papa yangu alikuwa anafanana na nani?"

Wakaongea mpaka chai ikapoa, wakapasha nyingine, nayo ikapoa.

Mpaka siku hizo Émérance alikuwa hajawahi kumwombea Jérôme misa. Aliyebaki njiani huenda bado anakuja, na misa ya marehemu ingekuwa kama kumfungia mlango. Lakini Oktoba ilipoisha alikwenda kwa padri, akaomba jina lisomwe Siku ya Marehemu. Padri alipolisoma, sisi wa kwaya tulisahau kuingia wimbo. Tulikuwa tumemjua mwanamke huyu miaka yote na ndio kwanza tunamwona: amesimama wima, mkono mmoja kwa binti yake, mwingine kwa mzee, analisikia jina la mume wake likipanda juu kanisani, na midomo yake inalirudia.

Nje, kwenye ngazi, Constant alimfuata. Uso wake ulikuwa umesawajika. Barua zake zilikuwa zimemfikia tena, safari hii kutoka kwa watu wa kukusanya madeni, na kila moja ilikuwa imevimba kwa gharama juu ya gharama.

"Maman Émérance, pardon. Ile numéro ya simu uliipiga, uko nayo bado?"

"Niko nayo. Nitakusaidia," akasema. "Lakini kesho, Constant. Leo niko na mume yangu."

Akamshika Graciella mkono, wakashuka ngazi kumfuata Papa Anaclet, ambaye alikuwa ameshafika kituoni na anawapungia waharakishe, tram inakuja.