Kumzuia Mdogo Wetu Asilale

Asubuhi hiyo tulikuwa mimi, ndugu yangu anayenifuata, kitinda mimba wetu wa miaka miwili, shangazi aliyekuja kutoka Kawangware na thamosi ya uji, na jirani yetu wa hapa mtaani Silanga anayeuza makaa. Baba na mama walikuwa wameshatutoka, na mimi nilikuwa nimeacha shule nikawa mzazi.

Mdogo wetu alizaliwa na nyonga isiyokaa mahali pake. Hatukujua mpaka alipoanza kutembea akichechemea. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akaurudisha mfupa wa paja ndani ya nyonga, akamfunga plasta kutoka kifuani hadi vifundoni, miguu imetanuliwa kama ya chura. Sasa ilibaki kujua kama mfupa umetulia mle ndani. Kwa umri wake nyonga bado ni laini, eksirei haiioni vizuri, kwa hiyo ilibidi apigwe picha ya MRI. Mfupa ukionekana umetoka tena, angepasuliwa.

"Akitikisika, picha inaharibika," daktari aliniambia. "Na kwa hicho kikohozi alichonacho sitaki kumpa dawa ya usingizi tena. Mwamsheni mapema, asilale njiani. Mkimshibisha hapa, atalala mwenyewe."

Tukamwamsha kukiwa bado na giza. Kwa miguu ile hakuweza kubebwa mgongoni, na boda ndiyo kabisa. Jirani akatoa mkokoteni wake wa makaa, akautandika magunia na blanketi. Hakuna aliyefikiria kwamba mkokoteni unabembeleza. Hata lami hatujafika, macho yakaanza kufumba.

"Analala! Aki analala!" ndugu yangu akapiga kelele.

"Wewe sukuma, wacha kutangaza," jirani akamwambia. Akajipaka makaa puani, akainama juu ya mtoto. "Kamum, kamama kangu, niangalie. Nani amechoma pua yangu?"

Mtoto akacheka. Shangazi akaanza wimbo wa kanisani, akipiga makofi ovyo makusudi. Watu waliokuwa wakienda kazini wakatupisha.

"Bibi harusi huyo mnampeleka wapi?" mmoja akauliza.

"Kulala!" jirani akajibu.

Hospitalini hakumaliza hata kikombe cha uji, usingizi ukamchukua. Wahudumu wakamziba masikio asisikie kelele za mashine. Nikavua hereni na vibanio vya nywele, nikaruhusiwa kukaa karibu naye, nimeshika vidole vyake vya mguu vilivyochomoza kwenye plasta. Mashine ilipoanza kugonga kama mtu anayepigilia mabati, vidole vikajikunja. Polepole vikalegea.

Baadaye daktari akatuonyesha kwenye kompyuta. "Huu ndio mfupa, na hapa ndipo unapotakiwa kukaa. Umekaa vizuri."

Nilimwomba anionyeshe tena. Shangazi alikuwa analia. Mtoto alikuwa bado anakoroma.

Jirani hakuuza makaa siku hiyo. Jioni nilipompelekea pesa kidogo, aliufumba mkono wangu akaurudisha.

"Mnunulie maziwa. Mimi nitalipwa na yeye. Aje mpaka kwangu kwa miguu yake, aniamkue, halafu tutakuwa tumemalizana."

Plasta imeshatolewa. Siku hizi anasimama akishika meza, anapiga hatua mbili, anakaa. Kati ya mlango wetu na kibanda cha makaa kuna mtaro. Jirani akimwona mlangoni humwita, "Wewe, deni langu!" Naye hucheka, akanyoosha mikono abebwe. Simbebi. Bado hatujalipa.