Anayegonga Anaomba Kutoka

Tarehe kumi na moja Februari mwaka huu tulimzika kaka yangu Filbert kule Kilema, kwenye kihamba cha baba, shamba la ukoo, nyuma ya nyumba. Alikuwa amenizidi miaka miwili tu. Walipomvalisha, mkono wake wa kulia ulikataa kunyooka, kama ulivyokataa tangu akiwa na miaka kumi na minne, ikabidi wauache umekunjwa kifuani. Waliokuwa chumbani walisema basi, ndivyo alivyozoea. Mimi nilikuwa nimeshika soksi zake, na nilikuwa najua mkono ule ulikunjwa na nani.

Tulipokuwa wadogo tulikaa Pasua, mjini Moshi. Baba alikuwa kibarua kwenye karakana ya magari, na mama aliuza ndizi. Ndiyo miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona sabuni za rangi tatu zinazonukia maua, mpaka mtu anaona vibaya kuzinawia. Mitumba ilimwagwa chini kwenye turubai, ukivaa koti unakuta mfukoni tiketi ya basi ya nchi za watu. Kila kitu kipya kilitoka mbali, hata makanisa. Kwa hiyo Filbert aliporudi siku moja na kusema anataka kujiandikisha aikido, mama aliweka kisu chini.

“Hilo ni dhehebu la wapi tena?”

“Si dhehebu, mama. Ni mchezo wa Kijapani, wa kujikinga.”

“Ujikinge na nani? Nani amekufuata hapa?”

Baba alicheka, akasema aende, lakini aende na Vero, nisibaki nazurura. Vero ni mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye aikido, kama mzigo wa kaka yangu.

Tulifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule ya msingi, kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu wetu, Mwalimu Shirima, alikuwa mwalimu wa hesabu. Aikido alifundishwa na Mjapani mmoja mtaalamu aliyekuja kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Mabogini. Sisi tulimwita Bwana Mpunga, naye aliitikia. Magodoro ya kuangukia tuliyatengeneza wenyewe. Tulichukua magunia ya kahawa, tukayajaza pumba za mpunga, tukayashona midomo na kutandika turubai juu. Ukianguka vizuri unasikia pumba, ukianguka vibaya unasikia sakafu. Tulirudi nyumbani tunawashwa mwili mzima, na nywele zinanuka kama ghala. Suruali mama alitushonea kwa viroba vya unga. Maandishi hayakutoka hata kwa kulowekwa siku tatu, na ya Filbert yalikaa matakoni kabisa: KILO 50. Watoto wakawa wanamwimbia, “Filbert, umepunjwa! Hizo hazifiki hamsini!” Naye anacheka nao, maana alipenda yale mazoezi kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona anapenda. Alikuwa anaanguka uani mpaka kuku wakamzoea.

Mwezi wa kwanza wa mazoezi tulifundishwa kuanguka tu, na kuinamiana kabla ya kuanza. Mama alisikia habari ya kuinamiana, akatuonya, “Magoti ni ya kanisani. Huko mazoezini muiname, lakini msipige magoti.” Tulimwambia ndiyo, halafu tulipiga magoti kila Jumamosi.

Baadaye tukafundishwa kumlaza mwenzako kifudifudi na kumbana mkono. Mwalimu akasema, “Ukiumia, usipige kelele. Gonga chini mara mbili, mwenzako atakuachia.”

Msichana mmoja alibanwa, akagonga. Aliyembana alikuwa mtoto wa katekista, mwenye adabu sana, na kabla hajafikiri akaitikia, “Karibu!”

Ukumbi wote uliangua kicheko, hata mwalimu. Wewe umelelewa kwamba mlango ukigongwa unasema karibu. Utasema nini kingine? Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Mtu akigonga anaambiwa, “Karibu, pita,” na anayesema anakawia kidogo kumwachia. Jumamosi ya tatu mwalimu alisimamisha mazoezi. Hakuwa anacheka tena.

“Nisikilizeni. Hapa anayegonga haombi kuingia. Anaomba kutoka. Asiyeachia akigongewa, hana nafasi humu. Na anayeumia akajifanya jasiri asigonge, naye hana nafasi humu. Wote wawili watavunja mtu.”

Tukaitikia, “Ndiyo, mwalimu.” Mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Mwishoni mwa muhula tukaambiwa Bwana Mpunga anarudi kwao, lakini kabla ya kuondoka atakuja kututazama, na amepata nguo nyeupe halisi za mazoezi, sita. Sisi tulikuwa ishirini. Wiki ile nzima sikulala vizuri. Niliziona zile nguo, nyeupe, bila kilo. Filbert pia alizitaka, lakini yeye aliniambia njiani, “Tufanye vizuri wote wawili, Vero. Mimi nitaanguka kwa sauti, uonekane una nguvu.”

Alifanya kama alivyosema. Alinishika kifundo cha mkono, nikazunguka, akaanguka kwa kishindo, watu wakaguna. Nikamlaza kifudifudi, nikapiga magoti pembeni yake, nikaubana mkono wake wa kulia. Bwana Mpunga alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameinama ili aone vizuri. Niliona viatu vyake kavivua, soksi zina tundu. Filbert akagonga mara mbili.

Nilisikia. Naandika hivi ili lisibaki shaka. Nilisikia kwa masikio na kwa magoti, maana pumba zilitikisika. Nikasema kwa sauti ndogo, “Karibu, pita,” nikasukuma tena kidogo, kwa sababu mgeni alikuwa bado anaangalia.

Kiwiko kililia kama ukuni mkavu.

Filbert hakupiga kelele. Mwalimu alifika, akamgeuza taratibu, akaniangalia mimi.

“Aligonga?”

Nilifikiria zile nguo, nikafikiria kufukuzwa mbele ya watu wote, nikafikiria mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini miaka si sababu. Nikasema, “Hakugonga.”

Mwalimu akamgeukia kaka yangu. “Filbert, uligonga?”

Filbert aliniangalia. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na makapi ya pumba. Kama angesema ndiyo, ningeondoka mimi, na ningestahili.

“Sikugonga, mwalimu,” akasema.

Sheria ilikuwa sheria. Aliambiwa akipona asirudi kwenye mazoezi. Mimi nilipewa nguo nyeupe.

Hospitali walimfunga plasta, na ilipotolewa mkono ukabaki umekunjwa. Mama alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi kila jioni, akimsema huku machozi yanamtoka. “Ungegonga ungepungukiwa nini? Ubishi, Filbert! Ubishi utakuua.” Na jina likamkaa. Ukoo mzima ukimwona anakunywa mbege kwa mkono wa kushoto unasema, huyu ndiye yule mbishi. Yeye alikuwa anatabasamu. Akawa fundi baiskeli, akaoa, akapata watoto watatu, na hao nao wakaambiwa hadithi ya ubishi wa baba yao, ili iwe funzo.

Lakini kabla ya hayo yote, kila Jumamosi aliendelea kunisindikiza hadi shuleni, kwa kuwa baba alisema nisiende peke yangu. Alikaa nje chini ya dirisha mpaka tumalize. Njiani hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu nilijaribu, nikasema, “Kaka, siku ile...” Akanikata, “Tembea, jua linapanda.”

Wenzangu wa umri wangu tukikutana tunasema watoto wa sasa hawajui kuanguka. Ni kweli. Mwanangu anapigana kwa vidole gumba kwenye simu, anakufa mara kumi kabla ya chai na anafufuka bila mchubuko. Nilipomwambia kwamba niliwahi kucheza aikido, aliniangalia kama nimemwambia niliwahi kurusha ndege. Tunasema pia sisi tulikuwa na adabu, tulikuwa na utu, tulioneana huruma. Hapo mimi hunyamaza. Zile asubuhi za Jumamosi nazitamani mpaka leo, harufu ya pumba, kicheko cha wenzangu, kaka yangu akiwa mzima. Ila siwezi kusema tulikuwa bora. Nilikuwepo.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa jikoni na mama, tunamenya ndizi za mtori kwa ajili ya wageni waliobaki. Mama sasa ni mzee, haoni vizuri, anamenya kwa kupapasa. Akasema, kama anavyosema siku zote, “Mwanangu mbishi. Hata kuumwa alificha.”

Nikamwambia, “Mama, Filbert aligonga siku ile. Mimi nilimsikia.”

Aliendelea kumenya ndizi ile mpaka ikaisha. “Na yeye alijua kwamba umemsikia?”

“Alijua.”

Akapapasa ndizi nyingine, hakuimenya. Halafu akasema, “Mimi usiniambie. Nimeshazeeka. Waite watoto wake.”

Walikuja wote watatu, wakasimama mlangoni. Mama akawaambia, “Ingieni mkae. Shangazi yenu ana neno.” Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na habari ya zile nguo. Wale wadogo walimwangalia bibi yao. Deo, mkubwa, aliangalia chini.

“Shangazi,” akasema, “baada ya hapo wewe uliendelea na mazoezi?”

“Niliendelea.”

“Muda gani?”

“Miaka miwili.”

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akatoka nje kuwasaidia vijana waliokuwa wanakunja maturubai ya msiba.