Mpokea maoni wa "Kengele Moja" na binti aliyegonga kabla ya swali kuisha

Saa mbili kasoro, Jumatatu asubuhi. Simu ya mezani inalia kabla Mama Maoni hajatundika mkoba wake. Anaiacha ilie tena, anavuta kiti, anavaa miwani, ndipo anapokea.

"Chumba cha maoni, habari za asubuhi."

"Habari gani, na mmeshatuharibia Jumapili yetu!" Sauti ya mwanamume inapasuka upande wa pili. "Yule mwenye shati la mistari ni bure kabisa. Hana akili. Kichwa kama sufuria tupu!"

"Pole sana, baba. Nakuandikia sasa hivi. Ila sema polepole, mkono wangu hauna mbio. Yule mwenye shati..."

"La mistari."

"La mistari. Naam."

"Ni... ni bure."

"Ni bure. Naam, baba, endelea."

Mpigaji anakohoa kidogo.

"Ulisema kichwa chake kama..." anamkumbusha kwa upole.

"Aah, hiyo ya kichwa iache, mama. Andika tu kwamba angejitahidi zaidi."

Anaandika hivyo. Anarudisha simu mahali pake na kufuta miwani kwa ncha ya mtandio, uso mkavu kabisa. Anayecheka ni mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi anayesoma maoni ya mitandaoni. Ofisi nzima inamwita Kibodi.

"Huyo umemla mzima mzima, dada," anasema Kibodi.

"Sijamla. Nimemsomea tu alichotaka kula."

Hiyo ndiyo kazi yake. Kila Jumapili jioni, kwenye kipindi cha "Kengele Moja", watu wawili huketi wakitazamana, katikati yao meza ndogo yenye kengele moja. Anayewahi kugonga ndiye anayejibu. Akikosea, swali linakwenda kwa mwenzake. Basi Jumatatu watazamaji hutoa yao ya moyoni: nani kapendelewa, nani kajisahau, kwa nini mtangazaji anavaa tai kama anakwenda kuposa.

Mama Maoni hupokea yote. Haruhusiwi kubishana, kutetea wala kutoa maoni yake. Kazi yake ni kuandika maneno ya mpigaji kama yalivyo na kumsomea. Hapo kwenye kuandikiwa na kusomewa ndipo wengi hupoa. Tusi linaloruka mdomoni kwa kasi huona haya linapotakiwa litembee neno moja moja.

Zamani alikuwa akipiga deki korido za jengo hilo hilo. Siku moja simu ililia, mwenye meza katoka, naye akaweka dekio pembeni akapokea.

"Nilipokea kwa sababu kelele zilikuwa zinaniumiza kichwa," anasema. "Nikamsikiliza yule bwana mpaka akaishiwa mwenyewe. Mwisho akaniambia, 'Ahsante, leo nimesikilizwa.' Kugeuka, msimamizi yuko nyuma yangu na kikombe chake cha chai."

Tangu hapo kodi ya nyumba na karo ya binti yake wa pekee zimetoka kwenye simu hiyo. Ameridhika nayo. "Nakaa kivulini, nasikia mambo, na nalipwa," anasema. "Wangapi wanaipata?"

Lakini mzazi unayesoma habari hii, tega sikio hapa, maana kilichompata kinaweza kumpata yeyote anayerudi nyumbani na maneno ya kazini.

Tangu binti yake akiwa mdogo, swali la kwanza mama akivua viatu lilikuwa moja: "Mama, leo wamesemaje?" Naye mama alikuwa anajua kuigiza. Mara atoe sauti ya mzee mwenye kikohozi, mara ya mama mwenye hasira aliyeacha kitu jikoni kinaungua. Binti alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nilidhani namchekesha tu," anasema Mama Maoni. "Kumbe namlisha."

Na kilichosemwa sana kwenye simu zile kilikuwa kusita. Mshindani akiweka mkono juu ya kengele halafu akaanza kufikiri, Jumatatu moto unawaka: amelala yule, amekuja kupiga picha, mpelekeeni mto. Mama alileta yote hayo mezani, mwaka baada ya mwaka, na binti akakua nayo.

Binti huyo sasa ni mtu mzima, mpiga picha kwenye studio ndogo ya picha za pasipoti. Inua kidevu, tazama mbele, usicheke: hayo ndiyo maneno yake kutwa. Mapema mwaka huu alimwambia mama yake kwamba ameomba kushiriki "Kengele Moja", na ameitwa.

"Moyo ulinishuka," anasema mama. "Nikamwambia, mwanangu, wewe wale watu huwajui. Akanijibu, 'Mama, nawajua kuliko mtu yeyote. Umenifundisha wewe.'"

Sheria ya kipindi inawakataza ndugu wa watunga maswali. Mpokea simu haimgusi, kwa kuwa yeye maswali huyasikia siku moja na wewe na mimi, akiwa kwenye kochi lake. Msimamizi alithibitisha hivyo, na jambo likapita.

Jumapili ile, wiki tatu zilizopita, binti alikabiliana na fundi baiskeli mmoja, mwanamume mtaratibu aliyekuwa akijifuta mikono suruali kana kwamba bado ina grisi. Walikwenda sambamba mpaka swali la mwisho.

Mtangazaji akaanza: "Jua linapotua magharibi, kivuli cha mti..."

Kengele!

"Mashariki!" binti akasema, na tabasamu lake likajaa kioo kizima.

Mtangazaji alimwacha amalize kutabasamu, kisha akasoma swali lote. Jua linapotua magharibi, kivuli cha mti huelekea mashariki. Je, saa sita mchana kivuli hicho huwa kirefu zaidi au kifupi zaidi?

Fundi baiskeli alisubiri mpaka neno la mwisho. Akakuna kidevu. "Kifupi," akasema. Makofi yakalipuka.

Nyumbani, Mama Maoni alibaki amekumbatia mto wa kochi. Jirani aliyekuja kutazama naye alisema, "Si vibaya, amejitahidi," kisha akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba, ingawa nguo hizo zilikuwa zimeshaanuliwa tangu mchana.

Kesho yake simu zilianza kabla taa ya korido haijawashwa. Mama hakuomba ruhusa ya kutokuja. Alisema akikaa nyumbani atayasikia maneno hayo hayo kichwani, na huko hakuna wa kumwambia aseme polepole.

Wengi walikuwa wacheshi. Mmoja alitaka binti apewe dira. Mwingine alisema mwanawe amegoma kwenda shule mpaka aonyeshwe mashariki. Mama akaandika, akasoma, akashukuru. Halafu akapiga mzee mmoja, sauti nzito, ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Andika," akasema. "Yule msichana hana mama wa kumfundisha kusubiri."

"Sema polepole, baba. Yule msichana..."

"Hana mama."

Kalamu ilisimama. Kibodi aligeuka kumtazama.

"Mbona kimya? Umeandika?"

"Nimeandika, baba. Nakusomea." Akasoma, kila neno na nafasi yake. "'Yule msichana hana mama wa kumfundisha kusubiri.' Ni hivyo?"

Mzee akaguna. "Mama, sauti yako imebadilika. Unaumwa?"

"Mafua tu, baba."

"Basi kunywa kitu cha moto. Na hayo niliyosema... andika tu kwamba avute subira. Ana akili yule, ila ana pupa."

Aliweka simu chini, akatoka, akaenda kusimama chooni bomba likiwa wazi.

Jioni alimkuta binti kitandani, amejifunika gubigubi. Studio hakuingia. Asubuhi alikuwa amefika mpaka mlangoni, na mteja wa kwanza akamuuliza, "Dada, leo nitazame mbele au mashariki?" Akarudi nyumbani na funguo za watu mfukoni.

"Mwanangu, inuka ule," mama akasema.

"Sina njaa."

"Kwa nini hukungoja swali liishe?"

Binti alijifunua uso. "Mama, si wewe uliyeniambia hawapendi wanaosita? Miaka yote unaniambia. Nimekaa pale, mkono wangu uko juu ya kengele, nawasikia wote kwa sauti zako. Amelala yule. Mpelekeeni mto. Nikagonga ili wanyamaze."

Mama Maoni alikaa ukingoni mwa kitanda. Akamwekea sahani karibu, akamfunika miguu.

Jambo halikuishia hapo. "Kengele Moja" ina kiti cha marudio. Watazamaji wengi wakimtaka mshindwa, huitwa kucheza tena. Jumanne na Jumatano simu zikabadilika rangi. Arudishwe yule wa mashariki. Tumemcheka lakini tunamtaka. Huyo ana moto, mpeni swali zima muone.

Kila aliyesema arudi, mama alimwandika. Alimwona binti yake akiketi tena mbele ya kengele ile, na safari hii akivunjika kabisa.

"Dada," Kibodi akamnong'oneza, "ukiyaweka pembeni machache tu, hataitwa. Na mimi sina macho."

"Na akija kujua kwamba nilimfungia mlango?" mama akajibu. "Huyu si mtoto wa kufichiwa kisu. Ataamua mwenyewe."

Akapeleka maoni yote juu. Siku hiyo hiyo msimamizi alishuka mwenyewe na habari: binti anaitwa, na ajibu kabla ya wiki kwisha.

Usiku haukuwa umeingia alipofika nyumbani. Alimkuta binti jikoni, akichokoa chakula bila kula. Akamweleza yote mara moja: kuitwa kwake, simu zilivyosema, na hofu yake mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo, kwa maelezo yake, alipaswa kulisema siku ya kwanza aliporudi na vichekesho vya kazini.

"Mimi nakuletea wanaopiga simu. Hao ndio ninaowajua. Lakini mtaa huu mzima unatazama kile kipindi. Umewahi kumwona nani hapa akipiga?"

Binti alifikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Wanatazama, wanazima, wanalala. Mimi sikuwahi kukuletea sauti zao kwa sababu hawasemi. Nimekulea ukidhani dunia yote inapiga kelele, kumbe ni watu wangu wale wachache wa Jumatatu."

Binti akaanza kucheka, kicheko cha kweli, cha kushika mbavu. "Kwa hiyo nilikuwa namkimbia mzee mwenye kikohozi?"

"Ndiye. Na wala kura yake si mbaya. Naye kapiga, anataka urudi."

Kesho yake alikwenda studio. Mwenye studio, mama mmoja asiye na simile, alimpokea kwa maneno: "Umeshamaliza kununa? Watu wanataka picha." Mteja wa tatu alipouliza atazame wapi, binti alimjibu, "Popote, ila kidevu juu, maana hicho kidevu chenyewe ni cha kutafuta." Foleni nzima ikaangua kicheko. Siku ya Ijumaa alipiga simu kituoni mwenyewe, kwa namba ya ofisi ya juu na si ya chumba cha mama yake, akasema atakuja.

Marudio ni Jumapili hii. Mpinzani wake ni muuza viatu ambaye ameshashinda mara mbili na hana haraka hata ya kupepesa macho. Nyumbani wanafanya mazoezi. Mama anasoma maswali ya gazetini, binti anakaa na kijiko mbele ya bakuli la bati badala ya kengele, na akigonga kabla ya nukta mama anaacha kusoma na kuondoka zake. Mwanzoni aliondoka mara nyingi. Juzi alisoma hadi mwisho wa gazeti bila kuinuka.

Hadithi za kazini hazijaisha mezani. Bado anaigiza, bado wanacheka. Ila sasa anachagua. Kwa wazazi wenzake ana ombi moja, na alilisema huku akinyoosha kidole kama anayemwonya mtu aliye mbele yake: "Neno la watu usilibebe mpaka kwa mtoto kama lilivyo. Wewe umelizoea, unalitema. Yeye analimeza. Na ukishika simu kumsema mtoto wa mwenzio kwenye televisheni, ujue kuna nyumba mahali fulani mtu amejifunika gubigubi."

Binti ana ombi lake pia. Katika miaka yote ya kufanya kazi kwenye jengo lile, mama yake hajawahi kuketi ndani ya ukumbi wa kurekodia. Deki aliupiga, kukaa hajakaa. Msimamizi amempa kiti, safu ya pili, upande wa kushoto.

Ameshapiga pasi gauni. Ameshauliza mara kadhaa kama inaruhusiwa kuingia na maji ya kunywa. Usingizi, anakiri, hauji vizuri. Ukimuuliza anatarajia nini, hataji ushindi.

"Akishinda tutarudi nyumbani, akishindwa tutarudi nyumbani," anasema, akivuta simu yake karibu maana imeanza kulia. "Nimemwambia kitu kimoja tu. Ukishuka pale jukwaani, mwanangu, usiwashe simu kuona wamesemaje. Nitafute mimi kwanza."